Daftari la Rumonge

Atajapo mtu Rumonge, wengi wetu hukumbuka mawese, ndagala na Waislamu wa mwambao wanaosema Kiswahili. Ni wachache wakumbukao kwamba hapo ndipo kilipowekwa kituo cha kwanza cha Kikristo katika nchi ya Burundi. Mapadri Weupe, shirika lililoasisiwa huko Algiers mwaka 1868 na Askofu Mkuu Lavigerie, walifika Ujiji Januari 1879. Julai mwaka huo huo Padri Deniaud na mwenziwe walisafiri ziwani kuelekea kaskazini, wakafanya makao Rumonge.

Walikuja na amri mbili za mkuu wao ambazo sisi walimu yatupasa kuzitafakari. Ya kwanza ni kwamba kila kituo kiandike shajara, siku kwa siku, na nakala yake ipelekwe kwa wakubwa. Padri hakuwa na ruhusa ya kutenda jambo na kulinyamazia. Aliandika akijua kwamba atasomwa na mtu aliye mbali, mwenye haki ya kumwuliza. Ya pili ni kwamba atakaye kubatizwa afundishwe na kuangaliwa mwenendo wake muda wa miaka minne, isipokuwa aliye katika hatari ya kufa. Wengi waliiona miaka hiyo kuwa mingi mno. Sisi twaona ilikuwa heshima kwa mwanafunzi: hakuambiwa aitikie asichokwisha kukipima. Huko Buganda, Wakristo waliitwa kwa jina lenye maana ya wasomaji, kana kwamba kusoma na kuamini ni kitendo kimoja.

Lakini daftari halimkingi mwandishi wake na makosa. Mapadri walikuwa wakiwakomboa watoto watumwa kwa kuwanunua, kisha wakiwalea kituoni. Nia ilikuwa njema, wala hatuwezi kusema kwamba ingekuwa heri mtoto yule abaki kambani. Hata hivyo, mali iliyomtoa mtoto utumwani iliingia mkononi mwa yule aliyemwuza, na jirani aliyeona wageni wakinunua watu angewezaje kuwatofautisha na wanunuzi wengine wa ziwani? Ugomvi ulizuka juu ya mtoto mmoja wa namna hiyo aliyezuiliwa na watu wa Bikari. Tarehe 4 Mei 1881 Padri Deniaud, Padri Augier na msaidizi wao D'Hoop waliuawa. Waliosalia waliiacha Rumonge, na kituo cha kwanza kilichodumu Burundi, Muyaga, kilifunguliwa mwaka 1898, mbali na ziwa.

Habari za siku ile zimetufikia kwa kalamu ya wamisionari. Watu wa Bikari hawakuandika daftari, na hakuna wakubwa wa Algiers waliowauliza neno. Mwalimu afundishaye kisa hiki hana budi kuwaambia wanafunzi ni nani aliyeshika kalamu, kabla hajawauliza ni nani aliyekosa.