Walimu wa leseni, na sisi tunaokuja

Bumu limeingia, testi zimeisha, leo naandika kitu kirefu kidogo. Wiki hii vimbwetani kulikuwa na ubishi mkali kuhusu leseni ya ualimu. Wengi wanaamini ni kitu kipya kilicholetwa na Sheria ya Bodi ya Kitaalamu ya Walimu ya mwaka 2018. Jamani, hapana. Leseni ni ya zamani, ila zamani ilikuwa na maana karibu kinyume na hii ya sasa.

Tuanzie Musoma, Novemba 1974. TANU iliamua kwamba ifikapo 1977 kila mtoto awe na nafasi darasa la kwanza. Sasa walimu watoke wapi? Kwetu Kigoma watu walikuwa wameanza kukusanywa kwenye vijiji tangu Operesheni ya 1972, kwa hiyo watoto wako pale pale, wengi, wanasubiri. Jibu la serikali likawa ni kuchukua vijana waliomaliza darasa la saba na kuwafundishia ualimu huko huko vijijini. Nusu siku wanafundisha, muda uliobaki wanasoma masomo kwa posta na kusikiliza vipindi vya redio, halafu wanamalizia na wiki chache chuoni. Hao ndio walimu wa UPE. Kati ya 1976 na 1984 walifuzu zaidi ya 35,000.

Watu wanawacheka sana hao walimu. Mimi siwacheki. Mama yangu alifundishwa kusoma na mmoja wao hapa kwetu Rungwe Mpya, na hadi leo mwandiko wake unaushinda wangu kwa mbali!

Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ikaja kuweka utaratibu: hufundishi bila kusajiliwa au kupewa leseni ya kufundisha. Hapo ndipo penyewe. Kusajiliwa ni kwa mwalimu aliyesomea kazi. Leseni ni kwa yule ambaye hajatimiza sifa lakini anahitajika. Yaani leseni ilikuwa ruhusa ya kuziba pengo. Baadaye Sera ya Elimu ya 1995 ikasema kiwango cha chini cha mwalimu wa msingi ni Daraja A, na wale wa madaraja ya chini wakaambiwa wajiendeleze. Mlango ulioachwa wazi miaka ya sabini ukaanza kurudishwa taratibu.

Haukukaa hivyo muda mrefu. Mnakumbuka hadithi za shule za kata? Mwaka 2004 nchi ilikuwa na sekondari 1,291, na kufikia 2009 zikawa 4,102. Wazazi wamebeba tofali, madarasa yamesimama, mwalimu hakuna. Basi kuanzia 2006 wakachukuliwa vijana waliotoka kidato cha sita, wakapewa mafunzo ya wiki chache na leseni mkononi, haooo wakapelekwa mikoani. Mtaani wakaitwa Voda Fasta, kama ile huduma ya kuongeza salio chap chap. Jina lile lilikuwa kali. Kijana wa miaka ishirini anaripoti shule ambayo hesabu na fizikia hazina mtu kabisa, anakabidhiwa kidato cha kwanza hadi cha nne, na wanafunzi wenyewe wanajua anavyoitwa mtaani.

Mwalimu wangu wa fizikia alianza hivyo. Nilipofika kidato cha kwanza alikuwa na digrii tayari, kaisotea Chuo Kikuu Huria huku anafundisha. Alituambia kwamba mwaka wake wa kwanza alikuwa anasoma mada usiku na kuifundisha asubuhi. (Sisi tunaokwenda fildi tukiwa na desa la mwaka juzi, tunyamaze tu.)

Ndiyo maana Sheria ya 2018 inanifikirisha. Humo leseni imegeuka. Sasa anayetakiwa kuwa nayo ni mwalimu aliyekamilika, mwenye cheti, diploma au digrii: asajiliwe na Bodi, apewe leseni, na leseni hiyo inaweza kuondolewa. Wakati ule walimu walikuwa adimu, karatasi ikawa rahisi. Leo wahitimu tumejaa, na tangu Januari 2025 anayeomba ualimu serikalini anapita kwenye usaili kwanza, kwa hiyo karatasi inakuwa ngumu. Sioni kama ubora wa kufundisha ndio ulioamua nyakati zote hizi. Naona hesabu ya watu.

Siipingi Bodi. Daktari ana baraza lake, mhandisi ana bodi yake, mwalimu naye awe na chake. Ninachouliza ni gharama. Majirani zetu Kenya, Septemba 2021 tume yao ya walimu ilizindua mafunzo ya lazima ya kuhuisha cheti: kila moduli miaka mitano, shilingi 6,000 za kwao kwa mwaka, mwalimu analipa mwenyewe. Walimu walikuja juu, na mimi nawaelewa. Mwalimu wa Nairobi ana intaneti na chuo mtaa wa pili. Wa Rungwe Mpya akitaka semina aende Kasulu mjini, nauli yake, na darasa lake la watoto wengi nani amshikie?

Mwenye nakala ya kanuni za hiyo sheria yetu aniletee bweni, nitamrudishia Ijumaa. Naenda kupanga foleni kafeteria, leo kuna maharage ya nazi.