Kinyago cha Ngozi, Sehemu ya Pili

Katika filamu ya The Texas Chainsaw Massacre 2, iliyotoka Agosti 1986, kuna tendo moja ambalo hadi leo sijui nilisimulie kwa kucheka au kwa kunong'ona. Leatherface, muuaji anayevaa kinyago cha ngozi ya binadamu na kutembea na chenso, amependa. Msichana mwenyewe anaitwa Stretch, mtangazaji wa redio. Muuaji hajui kutongoza. Anachojua ni kuchuna. Basi anauchukua uso wa L.G., mfanyakazi mwenzake Stretch pale redioni, uso ambao ametoka kuuchuna muda mfupi uliopita, anambandika msichana usoni, anamvika na kofia ya mwenye uso, kisha anamshika na kumchezesha taratibu. Ni dansi ya wapendanao. Mwongozaji Tobe Hooper aliipanga ichekeshe, na inachekesha.

Tatizo ni kwamba mimi ni mtu wa Ngana.

Ngana ni kata ya wilaya ya Kyela, upande wa mto Songwe. Ukivuka mto uko Malawi. Tunalima mpunga na kakao, mto ukifura tunahama, ukipungua tunarudi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, mkoa wa Mbeya, ambao sisi ni sehemu yake, ulisikika nchi nzima kwa jambo moja: kuchuna ngozi. Watu waliuawa na kukutwa wamechunwa. Magazeti yaliandika, redio zikasema, watu wakakamatwa. Ilisemekana ngozi zinavushwa mipakani kwenda kwa waganga, Malawi, Zambia, Kongo. Kwa watoto wa mpakani hayo hayakuwa habari za mbali. Kila mgeni mwenye begi kubwa alitazamwa mara mbili. Kwenda shule tulikwenda kwa makundi, na jua likianza kulala mashambani hakuna aliyengoja kuitwa nyumbani.

Ni miaka hiyohiyo ndiyo tulianza kuona picha. Kibanda umiza chetu kilikuwa mabanzi na turubai jeusi, deki moja, jenereta nje, mabenchi yasiyo na huruma. Mkanda haukuchaguliwa, ulikuja. Ndiyo maana sehemu ya pili ya hadithi hii tuliiona kabla ya ile ya kwanza, na wala hatukujua kuna ya kwanza. Kijana mmoja alisimama pembeni akitafsiri, kwa ule mtindo uliopata umaarufu Dar es Salaam kupitia Lufufu, mtafsiri wa picha ambaye kanda zenye sauti yake zilisambaa nchi nzima. Wa kwetu Kiingereza chake kilikuwa cha kubahatisha, lakini alijua hadhira yake. Leatherface alimpa jina la Kinyakyusa. Chenso ilipowaka aliongeza mlio wake juu ya mlio wa mkanda. Ilipofika dansi ya uso wa L.G. akasema neno moja tu: "Mchunaji." Watu wakaangua kicheko ambacho sijakisikia tena. Walicheka mpaka benchi la nyuma likaanguka. Baba mmoja wa makamo, mtu wa kanisani, alitoka nje, na hakurudi.

Swali langu limekaa hapo, kati ya lile benchi na yule baba. Je, kuna haki ya kuchekea kinyago cha ngozi mahali ambapo ngozi zinachunwa kweli?

Filamu ya kwanza, The Texas Chain Saw Massacre ya mwaka 1974, niliiona miaka mingi baadaye, kwenye kompyuta ya mwenzangu hosteli. Nilikaa nikisubiri vituko. Havikuja. Mwanzoni tu sauti ya msimulizi inatangaza kwamba haya yalitokea kweli, tarehe 18 Agosti 1973. Ni uongo. Hooper na wenzake walikuwa wanapiga picha zao majira hayohayo ya joto, huko Texas. Ukweli uliokuwa nyuma ya uongo huo ulikuwa wa jimbo jingine na wakati mwingine: Ed Gein wa Plainfield, Wisconsin, aliyekamatwa Novemba 1957, mtu aliyeua wanawake wawili, akafukua makaburi, na kujitengenezea vinyago kwa ngozi za nyuso za maiti. Kwa hiyo hata Marekani hadithi hii ilianza na jirani. Sisi tuliiona kama upuuzi wa Wazungu wenye pesa za kuchezea, kumbe nao waliwahi kuwa na Ngana yao.

Kinachoshangaza katika filamu ya kwanza ni uchache wa damu. Ukiitazama kwa makini, visu na chenso vinaingia mwilini mara chache sana mbele ya macho yako. Kinachokuua ni joto, mifupa ya kuku, kelele za jenereta ya ile nyumba, na mlango wa chuma unaofunguka, mtu anapigwa nyundo, mlango unafungwa kwa kishindo. Basi. Hakuna muziki wa kukuambia uogope. Leatherface, aliyechezwa na Gunnar Hansen, ana vinyago vitatu, na kwenye chakula cha jioni anavaa cha kike, amejipaka rangi, kama mtu aliyejiandaa kupokea wageni. Ile familia zamani iliishi kwa kazi ya machinjio, enzi za nyundo, kabla mashine haijachukua nafasi ya mikono. Ujuzi wa kuua wanao, ajira hawana. Uingereza ilikataa kuipa filamu hii cheti cha kuonyeshwa kwa miaka mingi, hadi 1999.

Na bado Hooper alikuwa akisema watu hawakuielewa, kwamba ilikuwa na mzaha ndani yake. Nilipoirudia niliuona. Mzee mpishi, baada ya kumkamata msichana na kumfunga kwenye gunia, anakumbuka taa ya kibanda chake cha mafuta, anarudi kuizima, analalamikia gharama ya umeme. Mzee yeyote mwenye LUKU angefanya hivyo. Akifika nyumbani anamgombeza Leatherface, kosa lake likiwa kuharibu mlango. Babu yao, anayesifiwa kuwa ndiye mchinjaji bora kuliko wote, anapewa nyundo ammalize msichana, na mkono umechoka, nyundo inaanguka, anapewa tena, inaanguka tena. Ukiyaandika hayo kwenye karatasi ni komedi. Ukiyatazama, huku msichana Sally akipiga kelele bila kukoma, hutaweza hata kutabasamu.

Miaka 12 baadaye kampuni ya Cannon ikampa Hooper huyohuyo pesa nyingi zaidi atengeneze mwendelezo. Wao walitaka hofu. Yeye akachukua ule mzaha uliokuwa umezikwa, akaufukua na kuutandaza juani. Mpishi sasa ni mfanyabiashara maarufu, anashinda shindano la kupika chili, mchuzi mzito wa nyama, na siri ya nyama yake mnaijua. Analalamika kuhusu kodi na jinsi mfanyabiashara mdogo anavyoonewa, maneno ambayo ungeyasikia Kasumulu siku yoyote ya gulio. Familia inaishi chini ya kiwanja cha michezo kilichotelekezwa. Kuna kaka mpya, Chop Top, aliyerudi kutoka vita vya Vietnam na bamba la chuma kichwani. Dennis Hopper, mwigizaji mkubwa, anacheza askari mzee anayeingia dukani kununua chenso, anazijaribu kwenye gogo kwa furaha ya kutisha, na anaondoka na tatu. Damu ambayo filamu ya kwanza iliificha sasa inarushwa kwa ndoo, kazi ya fundi Tom Savini. Bango la tangazo lenyewe linaidhihaki The Breakfast Club, filamu ya vijana wa shule: wauaji wamekaa mkao uleule wa wanafunzi.

Kama kazi ya sanaa, ya kwanza ni bora, na sioni sababu ya kubishana sana. Ina nguvu ya kitu kisichojua kwamba kinatazamwa. Ya pili inajua mno, na katikati inachosha. Yale mapango yake yana taa nyingi kuliko harusi. Lakini ubora haulijibu swali langu, na hapo ndipo nilipolazimika kuachana na Texas nikatafute msaada nyumbani.

Godfrey Wilson, mwanaanthropolojia aliyeishi Unyakyusa miaka ya 1930 pamoja na mkewe Monica, aliandika mwaka 1939 juu ya mazishi yetu. Kilichomshangaza ni kwamba kilio na ngoma vilikwenda pamoja. Wanawake wanalia, wanaume wanacheza na mikuki, na kadiri saa zinavyosonga ngoma inachukua nafasi, vijana wanaangaliana, watu wanacheka. Mgeni angedhani ni utovu wa adabu. Kwa wenyewe ilikuwa namna ya kupita msibani. Na sehemu nyingine za nchi kuna mtani. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali karne ya 19, wakaishia kuwa watani, na mtani msibani ana ruhusa ambayo mtoto wa marehemu hana: avae nguo za marehemu, aige mwendo wake, ajilaze kaburini adai alipwe ndipo atoke. Hakuna anayemkasirikia. Lakini fikiria mpita njia tu, asiye ndugu wala mtani, akiingia kaburini kwa mzaha. Asingetoka salama.

Kwa kipimo hicho Hooper aliruhusiwa. Msiba ulikuwa wake, yeye ndiye aliyeuanzisha, na aliporudi kuucheka hakuwa mpita njia. Wengi waliofuata, wenye kutengeneza sehemu ya tatu na ya nne na kuendelea, ni watu walioingia kaburini bila kuwa watani wa mtu.

Kuna tofauti nyingine baina ya filamu hizi mbili ambayo niliichelewa kuiona. Katika ya kwanza aliyeuawa amekwisha. Anapigwa, mlango unafungwa, hatumjui tena. Katika ya pili, baada ya ile dansi, L.G. anaamka. Amechunwa uso, anainuka sakafuni, anamwona Stretch amevaa sura yake. Anamfungua kamba. Kisha anaanguka na kufa. Hapo Hooper hachezi. Komedi yote ile, na aliyechunwa ndiye mtu mwema kuliko wote waliomo.

Kinyakyusa kina neno kwa ajili ya huyu. Wafu wanaorudi ni abasyuka, mmoja ni unsyuka, na ndani ya neno kuna kufufuka. Monica Wilson, katika kitabu chake cha 1957 juu ya matambiko ya ukoo, ameeleza kwamba kazi kubwa ya mazishi ilikuwa kumtenga marehemu na walio hai asiwasumbue, halafu kumrudisha nyumbani akiwa wa heri. Anafukuzwa kwanza, anakaribishwa baadaye. Filamu za muuaji na kisu zinamjua wa kwanza tu. Agosti hiyohiyo ya 1986 ilitoka sehemu ya sita ya Friday the 13th, ambamo maiti ya Jason inafufuliwa na radi iliyopiga nondo kaburini mwake, naye anaamka na kuanza kazi palepale alipoishia. (Kwetu radi huua. Waliopatwa nayo wangependa kujua ile ya Jason iliagizwa wapi.)

Hata sisi wenyewe tulipoanza kutengeneza filamu za kutisha tulimchukua huyo wa kwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mussa Banzi, mmoja wa waanzilishi wa filamu za kutisha za Kibongo, alitengeneza filamu na kuiita Nsyuka. Wanyakyusa waliokuwa Dar es Salaam walilitazama jalada na kushtuka kuona neno la bibi zao limeota meno. Na soko la Bongo likaongeza lake: hadithi moja iligawanywa diski mbili, Part One na Part Two, ili inunuliwe mara mbili. Kwetu sehemu ya pili mara nyingi haikuwa mwendelezo wala mzaha juu ya ya kwanza. Ilikuwa nusu iliyobaki, na stelingi alikuwa palepale ulipomwacha, ameshika komeo la mlango.

Bibi yangu, ambaye picha hakuwahi kuziona, nilimsimulia habari za L.G. nilipokuwa chuoni. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza kitu kimoja: "Sasa yule msichana, ule uso alimrudishia mwenyewe?"

Filamu ya kwanza inaisha asubuhi, Sally ameponea nyuma ya pikapu, amelowa damu, anacheka kama mwenda wazimu, na barabarani Leatherface anazunguka peke yake na chenso akikata hewa. Ya pili inaisha juu ya mnara wa mawe, na anayezunguka na chenso, mikono juu, akipiga kelele juani, ni Stretch.