Lango la Witu

Mtu akitaja vita mbele ya mkazi wa Garsen leo, aghalabu fikira za msikilizaji hurejea mwaka 2012, wakati Wapokomo na Waorma, majirani waliogawana Mto Tana kwa vizazi vingi, huyu kwa jembe na yule kwa fimbo ya kuchungia, walipouana huko Riketa, Kilelengwani na Kipao, na Riketa peke yake, tarehe 22 Agosti, wakafa watu zaidi ya 50. Jeraha hilo lingali bichi, na si mimi wa kulitonesha. Vita nitakavyovisimulia ni vya zamani zaidi, ila vilipandia kwenye mlango wa mto huuhuu, na ukivichungua asili yake, navyo vilikuwa vita vya ndugu.

Anayeshika njia ya Lamu kutoka Garsen hufika Witu, na kutoka Witu njia ya kusini humteremsha hadi Kipini, ambako Mto Tana huingia baharini. Wala haukuingilia hapo tangu azali. Ni mfereji wa Belezoni, uliochimbwa kwa mikono ya watu katika karne ya 19 ili mashua zipate kupita baina ya Tana na mto wa Ozi, ndio ulioyavuta maji kidogo kidogo hata mto mzima ukahama. Kando ya Ozi huo ulikuwako mji wa Kau, na huko ndiko alikokimbilia Ahmed bin Fumo Luti, Mnabahani wa ukoo wa masultani wa Pate, aliyepewa lakabu ya Simba, baada ya fitina za Pate na Siyu kumtoa visiwani na nguvu za Mabusaidi, masultani wa Unguja, kumfungia njia ya kurudi. Kutoka Kau akaingia bara, na mwanzoni mwa miaka ya 1860 akajenga Witu.

Mji ule haukuwa na ukuta wa mawe kama wa Pate. Ngome yake ilikuwa msitu, uliosonga hata jua halikupenya, na boma la magogo, na lango. Nyuma ya lango hilo Simba aliwapokea watoro, yaani watumwa waliokimbia mashamba ya pwani, akawapa ardhi na bunduki. Wakawa ndio raia zake na ndio askari zake. Wako wanaomsifu kwa hilo kana kwamba alikuwa mkombozi. Mimi nasita, kwa kuwa Wapokomo wa mtoni, ambao mavuno yao yalinyang'anywa na watu haohao wa msituni, hawakuuona ukombozi wowote. Hata hivyo mtu aliyekimbia minyororo hakuwa na mlango mwingine wa kubisha.

Seyyid Barghash wa Unguja alipotuma jeshi kuivunja Witu mwaka 1885, Simba alijikinga kwa Wajerumani, ambao kwa juhudi za ndugu wawili wa Denhardt, Clemens na Gustav, waliitangaza himaya yao mwezi wa Mei. Manowari zao zikasimama mbele ya Unguja mwezi wa Agosti, na Barghash akalazimika kunyamaza. Ila himaya ni kivuli cha mti wa mwenzio: tarehe 1 Julai 1890 Ujerumani iliisalimisha Witu kwa Uingereza, katika mkataba uliowapa Wajerumani kisiwa cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini. Simba alikuwa amekwisha kufa, na Fumo Bakari, aliyerithi kiti, akajikuta amebadilishiwa mlinzi pasipo kuulizwa.

Mwezi wa Septemba akaja Mjerumani, Andreas Küntzel, na wenzake, akitaka kukata miti ya msitu ule na kuipasua mbao. Miti ile ndiyo iliyokuwa ukuta wa mji. Yamkini hakuna haja kubwa kuliko hiyo ya kumkatalia. Ikazuka mizozo, na Küntzel alipotaka kutoka akamkuta bawabu langoni, akampiga risasi. Watu wa Witu wakajibu, akauawa yeye na Wajerumani wenzake kadhaa. Waingereza wakamtaka Fumo Bakari ashuke kuhukumiwa, hakushuka.

Ndipo Amiri Fremantle wa Uingereza alipokusanya mabaharia, askari wa manowari na polisi wa Kihindi, jumla yao wakikaribia 1,000, akawapandisha kutoka Kipini tarehe 26 Oktoba, wakiburura mizinga katika mchanga na joto. Jioni walipopiga kambi watu wa Witu waliwashambulia, wakarudishwa nyuma. Asubuhi ya tarehe 27 jeshi likalikabili boma: mizinga na fataki za vita zikatangulia, lango likapasuliwa kwa baruti, na askari wa miguu wakaingia. Wakaukuta mji umeachwa, wakauchoma. Vitabu vya Waingereza huliita tendo hilo adhabu. Ila katika safu zile walikuwamo pia askari wa Seyyid Ali bin Said wa Unguja, ndugu yake Barghash, na jambo hili wasimulizi wengi hulipita mbio ilhali mimi naliona ndilo kiini: Mabusaidi, waliomwinda Simba kutoka visiwani hata msituni, hatimaye waliingia Witu, lakini waliingia nyuma ya bendera ya mtu mwingine, na mji walioupata ulikuwa majivu.

Fumo Bakari alifariki msituni Januari 1891. Watu wake hawakusalimu amri; walijenga maboma mengine Pumwani na Jongeni, yenye magogo na malango kama yale ya kwanza, na mwaka 1893 manowari zikalazimika kushusha watu tena. Mabaharia waliopigana walipewa nishani ya fedha, na juu ya utepe wake kipande kilichoandikwa "Witu 1890". Na wale wa safari ya pili kipande kingine, chenye jina la mji uleule, "Witu August 1893".