Kutoka Ugogo Hadi Baharini: Historia Fupi ya Somo Langu

Nimeombwa nieleze habari za masomo niliyosoma Chuo Kikuu, yaani viumbe vya baharini na uhifadhi wa wanyamapori. Wengi huuliza: mtu wa Dodoma na bahari, wapi na wapi? Jibu limo katika historia.

Wazee husimulia kuwa jina la Dodoma limetokana na neno la Kigogo idodomya, maana yake "imezama", kwa sababu ya tembo aliyezama matopeni alipokuja kunywa maji. Basi mji wetu umepewa jina na mnyama wa porini. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu ilipita Ugogo ikienda Bagamoyo, na watemi wetu wakaitoza hongo. Pembe zilifika pwani na kuvuka bahari. Elimu ya kumlinda mwenye pembe ilichelewa sana kufika.

Mwezi Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alitoa Tamko la Arusha kuhusu wanyamapori, ambalo tusilichanganye na Azimio la Arusha la 1967. Alisema wazi kwamba kazi hiyo yahitaji utaalamu, watu waliofunzwa, na fedha. Mwaka 1963 kikafunguliwa Chuo cha Mweka, chini ya Mlima Kilimanjaro. Mwaka 1965 Kitivo cha Sayansi kikaanza Dar es Salaam, na mwaka 1978 ikaanzishwa Taasisi ya Sayansi za Bahari kule Unguja. Chuo Kikuu cha Sokoine kilifuata Morogoro mwaka 1984, na Chuo Kikuu cha Dodoma mwaka 2007. Hivyo mtoto wa Bahi au Kongwa sasa anaweza kusoma sayansi ya viumbe bila kuvuka mpaka wa mkoa wake.

Mimi niliingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2001, nikiwa sijapata kuiona bahari. Marehemu baba alitaka niwe daktari. Aliniambia, "Mwanangu, samaki wa chumvi watakusaidia nini wewe mtoto wa mfugaji?" Sikuwa na jibu.

Jibu nililipata katika safari ya mafunzo kwenye mlango wa Mto Wami, karibu na Saadani. Ilikuwa masika. Maji ya mto yalikuwa mekundu, na wekundu ule uliingia mbali baharini. Mwalimu wetu alieleza kuwa matope yakizidi hufunika matumbawe, na matumbawe yakifa samaki hukosa makazi. Kisha akatandaza ramani. Nikafuata mto kwa kidole kurudi bara: Wami, Mkondoa, halafu Kinyasungwe, ambao tawi lake ndilo lililozuiwa na bwawa la Hombolo. Nilinyamaza kimya. Sehemu ya udongo ule ilitoka kwetu.

Wakubwa watakumbuka kwamba taabu hii haikuanza jana. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika maeneo ya Kondoa yaliyoharibika. Makorongo yalianza kuota majani tena, lakini wafugaji waliumia, na baba hakusahau uchungu wa jamaa zake. Nilipomweleza habari za Wami alifikiri kitambo, akasema, "Kumbe bahari inakula shamba langu." Msimu uliofuata alipanda mkonge kwenye kingo za korongo letu. Ng'ombe hakupunguza hata mmoja, wala sikuthubutu kumlazimisha. Hapo nilijifunza kuwa uhifadhi usiojali tumbo la mwananchi haudumu.

Leo kazi yangu serikalini ni ya mafaili zaidi kuliko maji, lakini ramani ile ningali nayo. Haja ya wataalamu haijapungua. Tembo wa Tanzania walikadiriwa kuwa kama 109,000 mwaka 2009. Kufikia 2014 walibaki kama 43,000 tu, kwa sababu ya ujangili. Pwani nako, uvuvi wa baruti uliokatazwa kwa sheria tangu 1970 uliendelea kubomoa matumbawe kwa miaka mingi.

Vijana, msiyakimbie masomo ya sayansi kwa kuogopa hesabu. Nanyi wenzangu wa zamani, tukikutana tusiishie kwenye pilau na kukumbushana majina ya utani. Maabara yetu yahitaji darubini. Mimi nitatoa ya kwanza. Nani atatoa ya pili?