Ligombo na Kengele ya Shule

Ligombo la Wahehe lina umbo la hori dogo: ubao uliochongwa ukawa na uvungu, na juu yake uzi mmoja ukapitishwa mara kadhaa. Kukaza uzi huo hata sauti ziafikiane ni kazi isiyotaka haraka. Nayo shule ya msingi, Mafinga kama Micheweni, hupimiwa kipindi kwa dakika chache. Ukitoa za kuingia, za kutuliza watoto na za kurejesha ala mahali pake, muda uliosalia hautoshi ila ubeti mmoja.

Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipotangaza Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alisikitika kwamba waliosoma waliijua rumba na twisti kuliko ngoma za kwao. Miongoni mwa alizozitaja ni lelemama, ambayo wasomaji wa pwani hawahitaji kufafanuliwa. Lakini wizara ni kitu kimoja na ratiba ya wiki ni kitu kingine. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ililipa shamba saa zake. Ngoma na kwaya zikabaki kuwa kazi za alasiri, zikihimizwa zaidi mgeni anapotarajiwa.

Kisha mtihani ukaamua mengi. Katika mtaala wa 2005 muziki na ufinyanzi viliwekwa chini ya Stadi za Kazi, pamoja na usafi, mapishi na ushonaji, kana kwamba kupiga ala na kufagia ni ndugu wa tumbo moja. Somo hilo halikuwamo katika mtihani wa darasa la saba, na kipindi kisicho na mtihani huazimwa na Hisabati wala hakirudishwi. Ushairi ulinusurika, kwa kuwa ulijisitiri ndani ya Kiswahili.

Visiwani, anayetaka udi au kanuni amekuwa na Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi tangu 2002, nje ya kengele ya shule. Bara, Bagamoyo ilipata chuo chake cha sanaa mwaka 1981, mbali mno na mtoto wa Mufindi.

Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 umeleta somo la Sanaa na Michezo. Jina ni jema, ila mpira nao unadai haki yake. Mwalimu wa Mafinga mwenye busara ataviunganisha vipindi viwili vya wiki moja kwa ajili ya ligombo, mpira ungoje wiki inayofuata.