Wastani wa Jana

Usiku mmoja niliandika kiashirio changu cha kwanza kwenye programu ya chati: RSI ya siku 14, inayopima nguvu ya bei kupanda dhidi ya kushuka. Yangu ikasoma 28. Chini ya 30, watu husema hisa imeuzwa kupita kiasi, nunua. Lakini ile ya programu ilisoma 37. Na pesa niliyokuwa nayo ilikuwa karo ya mdogo wangu.

Jibu lilikuwa 1978. Mwaka huo Mmarekani J. Welles Wilder, injinia wa mitambo, aliitoa RSI kitabuni. Enzi hizo ni karatasi na kalkuleta. Kujumlisha siku 14 upya kila jioni? Zii. Alichukua wastani wa jana, akazidisha kwa 13, akaongeza badiliko la leo, akagawanya kwa 14. Alifanya hivyo kwa siku za kupanda, kisha kwa za kushuka.

Mimi nilitumia wastani wa kawaida, ambao hutupa kila kilichopita siku 14. Wa Wilder hautupi kitu. Ya zamani hufifia polepole.

Nikabadilisha mstari mmoja. Ikasoma 37. Asubuhi nikalipa karo.