Mganga Hajigangi: Asili ya Kikao cha Wanaobeba ya Wengine

Miaka ya 1930 jijini Budapest, daktari Michael Balint aliwakusanya wenzake wanaotibu mitaani ili wazungumzie wagonjwa waliokuwa wakiwaelemea. Chumbani alikaa pia askari kanzu wa serikali ya Hungary, akinakili yote yanayosemwa. Nani angekiri mbele yake kwamba kuna mgonjwa anayemchukia, au kwamba kifo cha mtoto fulani kimemnyima usingizi? Mikutano ikafa.

Naanza na askari huyo kwa makusudi. Kikao cha namna hii hakidai vitu vingi: viti vichache, saa moja na nusu hivi, na uhakika kwamba yanayosemwa hayatoki nje. Ukikosa hilo la mwisho, viti havina kazi.

Balint mwenyewe alikuwa mtoto wa daktari wa mtaani. Mwaka 1939 alihamia Manchester, Uingereza, akiukimbia Unazi, na mwaka huohuo akafiwa na mkewe Alice. Wazazi wake waliobaki Hungary walijitoa uhai walipokaribia kukamatwa na Wanazi. Mtu wa misiba hiyo ndiye aliyefika London baada ya vita na kujiunga na Tavistock, kliniki iliyoanzishwa mwaka 1920, wakati majeruhi wa akili wa Vita Vikuu vya Kwanza walikuwa bado wamejaa mijini.

Huko alimkuta Enid Eichholz. Mwanamama huyu alikuwa akifanya kazi na maofisa wa ustawi wa jamii waliohudumia ndoa zilizovunjwavunjwa na vita, na tayari alikuwa na desturi ya kuwaketisha pamoja wazungumzie kesi zao na namna kesi hizo zinavyowagusa wao wenyewe. Michael alialikwa kwenye vikao hivyo, akavipenda. Wawili hao baadaye walioana. Dunia imeyapa makundi haya jina la mume, lakini ukifuatilia vizuri utaona mlango ulifunguliwa na mke.

Mwaka 1948 Uingereza ilikuwa imeanzisha huduma ya afya ya taifa isiyotozwa malipo mlangoni. Foleni zikajaa. Madaktari wa mitaani wakaanza kukutana na watu ambao vipimo vyao ni safi lakini kila wiki wanarudi, leo kichwa, kesho mgongo. Mwaka 1950 ndipo Balint alipowaita madaktari wachache wakutane Tavistock kila wiki.

Swali la kufungulia kikao ni lilelile hadi leo: nani ana mgonjwa? Mmoja anajitokeza. Hana faili mkononi wala karatasi. Anasimulia anachokumbuka, maana kinachokumbukwa na kinachosahaulika vyote vina maana. Tuseme ni mama anayekuja kila Jumatatu, na daktari akiona jina lake kwenye orodha anahisi tumbo linamkaza. Wenzake humwuliza maswali machache. Kisha, katika makundi mengi ya siku hizi, msimulizi husogeza kiti chake nyuma na kunyamaza, akiwasikiliza wengine wakimjadili mama yule kama kwamba yeye hayupo. Mmoja anasema amemwonea huruma, mwingine amekasirika, wa tatu anakiri kwamba amechoka tu kumsikiliza. Hasira hiyo na uchovu huo pengine ndivyo daktari alivyokuwa akivibeba peke yake. Hakuna anayekimbilia kutoa ushauri. Kwa waliozoea vikao vya matokeo na maazimio, jambo hili huudhi kweli.

Mwaka 1957 Balint alichapisha kitabu kuhusu kazi hiyo. Hoja yake iliyovuma ni kwamba dawa inayotumika kuliko zote kliniki ni daktari mwenyewe, na dawa hiyo haina maelezo ya kipimo wala ya madhara. Ufaransa ikawa na chama cha makundi haya mwaka 1967, Uingereza mwaka 1969. Balint alifariki tarehe 31 Desemba 1970, na shirikisho la kimataifa likaundwa miaka miwili baadaye.

Nyuma kidogo, miaka ya 1950, Isabel Menzies, naye wa Tavistock, alikuwa akichunguza hospitali moja ya kufundishia ya London ambako karibu theluthi ya wanafunzi wa uuguzi walikuwa wakiacha kabla ya kumaliza. Aligundua kwamba hospitali ilikuwa imejijengea kinga dhidi ya uchungu: wanafunzi walihamishwahamishwa wodi wasipate kumzoea mtu, na wagonjwa waliitwa kwa kitanda na kiungo, kama ini la kitanda cha 10. Kinga hiyo, alisema Menzies, ilizidisha uchungu ilioundwa kuuzuia.

Niliwahi kukesha na jamaa yangu aliyelazwa. Alfajiri wauguzi wakakabidhiana zamu hatua chache kutoka kitandani petu. “Sita amefariki saa tisa usiku. Saba, dripu inakaribia kuisha.” Aliyesema hayo ndiye niliyemwona usiku amekaa kando ya Sita, amemshika mkono, akimnong'oneza maneno nisiyoyasikia. Alifunga kitabu cha ripoti, akavaa sweta, akaenda kutafuta matatu.

Kutoka hapo historia inapinda. Mwaka 1983 Jeffrey Mitchell, Mmarekani aliyewahi kuwa zimamoto, alieleza utaratibu wa hatua kwa hatua kwa waokoaji wanaotoka kwenye ajali mbaya: wakutane mapema, kila mmoja aeleze aliyoyaona, aliyoyafikiri na aliyoyahisi. Ulienea upesi, maana ulikuwa mwepesi kupanga na mkubwa alipata la kusema wanahabari wakiuliza. Baada ya muda ukatumiwa hata kwa majeruhi mmojammoja, kikao kimoja basi. Watafiti walipoupima kwa njia hiyo hawakuona kwamba unazuia kiwewe. Katika utafiti mmoja wa watu walioungua, waliopitishwa kwenye kikao walikuwa na hali mbaya zaidi baadaye kuliko wenzao walioachwa. Watetezi wa Mitchell wanalalamika kwamba kilichopimwa hakikuwa kile alichobuni, na nadhani wana haki kwa sehemu. Ila soko lilikuwa limekwisha kupenda kikao cha mara moja.

Huku kwetu Afrika Mashariki haja ya kuketi na kusema ilikuja kwa moshi na vioo. Ijumaa, tarehe 7 Agosti 1998, bomu kwenye ubalozi wa Marekani liliua watu 213 jijini Nairobi, na jingine watu 11 Dar es Salaam. Huko Nairobi Jumba la Ufundi, jirani na ubalozi, liliporomoka. Wengi waliumia macho kwa kuwa mlio wa kwanza uliwavuta madirishani. Chama cha Madaktari Kenya kilianzisha mpango wa ushauri nasaha, na Dkt Frank Njenga na wenzake wakawahoji karibu watu 2,900 walioathiriwa. Takribani 35 katika kila 100 walikuwa na dalili za kiwewe. Miongoni mwa mambo yaliyoandamana na dalili hizo, pamoja na kujeruhiwa na kufiwa, lilikuwamo hili: kutokuwa na rafiki uliyemweleza yaliyokupata.

Kisha vikaja vituo vya VCT, yaani vya ushauri nasaha na upimaji wa hiari. Mshauri aliyewapa watu majibu ya virusi vya Ukimwi kutwa nzima alihitaji naye pa kutua mzigo, na ndani ya kazi hiyo kukajengeka desturi ya usimamizi wa washauri: kukutana na mwenzao mwenye uzoefu, mara nyingi kwa kundi, kusema kesi gani imekwama kooni. Hakuna bomu lililosubiriwa. Kikao kilikuwa sehemu ya kazi. Kwa maoni yangu hao ndio warithi halisi wa Enid na Michael katika eneo letu, ingawa sidhani wengi wao wamewahi kusikia majina hayo.

Muuguzi wa chumba cha dharura, mkunga aliyepoteza mama na mtoto kwa zamu moja, dereva wa ambulensi wa barabara ya Mombasa: hawa mara nyingi huambiwa “pole, piga moyo konde”, kisha mlango unafunguliwa kwa mwingine.

Ratiba ya zamu hubandikwa ukutani kila mwezi. Wewe unayeipanga, tenga humo saa moja na nusu, mara mbili kwa mwezi, ihesabiwe kuwa kazi, chai iwepo. Na anayejaza fomu za kupandisha watu vyeo asikae chumbani humo.